Mshale wa Joto: Historia ya Kusoma Geji ya Injini katika Barabara ya Kilwa na Lindi, 1916 hadi Sasa

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya geji ya joto la injini katika pwani ya Kilwa na Lindi, tangu magari ya kijeshi yaliyoshushwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia hadi magari ya Kijapani yanayovuka leo Daraja la Mkapa. Hoja kuu ni kwamba usomaji unaoitwa wa kawaida haujawahi kuwa alama moja isiyobadilika. Umetokana na mambo matatu yanayokwenda pamoja: muundo wa chombo, hali ya barabara, na maarifa ya watu wanaoendesha na kutengeneza. Insha inaonesha kuwa baadhi ya mazoea yaliyolaumiwa kama uzembe, hasa kung'oa thamostati, yalikuwa na mantiki katika mazingira yaliyoyazaa. Inaonesha pia kuwa mazoea hayohayo hugeuka hasara katika gari jipya, ambalo mshale wake umetengenezwa makusudi usitikisike. Hivyo historia ya chombo kidogo cha dashibodi inatoa nafasi ya kuijadili upya historia ya Kusini, ambayo kwa muda mrefu imeandikwa kwa kilomita za lami pekee.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha Tanzania, gari ambalo injini yake imepata joto kupita kiasi husemwa kuwa limechemsha. Kitenzi hicho hakikubaki gereji. Mtahiniwa aliyefeli, msemaji aliyekosea mbele ya hadhira na timu iliyofungwa nyumbani nao husemwa kuwa wamechemsha. Ujirani wa maana hizo mbili ni ushahidi kwamba joto la injini si suala la mafundi peke yao. Ni tukio ambalo jamii inalifahamu vya kutosha kuweza kulitumia kuelezea aibu na kushindwa.

Kwa wakazi wa Kilwa na Lindi tukio hilo lina uzito wa pekee. Barabara inayotoka Dar es Salaam kupitia Kibiti, Ikwiriri, Ndundu, Somanga, Nangurukuru na Mbwemkuru hadi Lindi ina urefu wa takriban kilomita 450. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya urefu huo ilikuwa mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Gari lililochemsha kati ya Somanga na Njia Nne halikuwa gari lililochelewa tu. Lilikuwa mzigo wa samaki unaoharibika, mgonjwa asiyefika hospitalini, na mara nyingine injini iliyonoki, yaani mtaji wa familia uliopotea kwa alasiri moja.

Hata hivyo, tukio hilo limepata nafasi ndogo katika maandishi ya kihistoria. Kilwa inafahamika zaidi kwa mji wake wa mawe, kwa Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, magofu yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Inafahamika pia kwa bandari ya Kivinje na misafara ya karne ya 19, na kwa Vita vya Majimaji vilivyoanzia katika vilima vya Umatumbi mwaka 1905. Kwa karne ya 20, watafiti wamejishughulisha na swali la utengwa wa Kusini. Mkusanyiko uliohaririwa na Pekka Seppälä na Bertha Koda mwaka 1998 ulionesha kuwa utengwa huo ulitengenezwa kihistoria. Haukuwa hali ya asili. Katika mijadala hiyo gari hutajwa kama kipimo cha miundombinu. Dereva anayeutazama mshale hatajwi.

Joshua Grace, katika kitabu chake cha 2021 kuhusu historia ya magari Tanzania, amefungua mlango mwingine. Ameonesha kuwa ufundi wa gereji za Tanzania ni maarifa yaliyojengwa hapa, na kwamba si kivuli hafifu cha ufundi wa viwandani. Insha hii inapita katika mlango huo ikiwa na swali finyu zaidi: katika pwani ya Kilwa na Lindi, joto la kawaida la injini lilitambuliwaje, na nani alihesabiwa kuwa anajua kulisoma?

2.0 Chombo na Kipimo Chake

Kabla ya kuingia katika historia ni muhimu kueleza geji inapima nini, kwa kuwa makosa mengi ya tafsiri huanzia hapo. Injini ya petroli au dizeli huunguza mafuta na kugeuza sehemu tu ya joto lake kuwa mwendo. Joto linalobaki hutoka na moshi au huchukuliwa na maji yanayozunguka kwenye silinda, kisha maji hayo hupozwa na upepo yanapopita ndani ya rejeta. Geji haipimi joto la chuma cha injini. Inapima joto la maji mahali kihisi kilipofungwa.

Katika magari mengi ya sasa maji hayo hufanya kazi vizuri kati ya nyuzijoto 85 na 105 hivi za Selisiasi. Thamostati, ambayo ni mlango mdogo unaofunguka kwa joto, hubaki imefungwa injini ikiwa baridi ili ipate moto haraka. Huanza kufunguka kwenye nyuzijoto 82 hadi 90, kutegemea aina ya gari. Maji yakizidi kupata joto, feni huwaka. Mfuniko wa rejeta nao hufungia shinikizo ndani ya mfumo, na shinikizo hilo hupandisha kiwango cha maji kuchemka hadi karibu nyuzijoto 120. Ndiyo maana injini inayosoma 100 haichemki, na ndiyo maana kufungua mfuniko huo injini ikiwa ya moto ni hatari: shinikizo hutoweka kwa ghafla, maji hugeuka mvuke na kumrukia anayefungua.

Jiografia nayo ina mchango. Kilwa Masoko na Lindi ziko usawa wa bahari, ambako maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzijoto 100. Katika nyanda za juu kama Njombe huchemka kwenye 93 au 94 hivi. Kwa hesabu hiyo gari la pwani lina nafasi kubwa zaidi kabla ya kuchemsha. Faida hiyo, hata hivyo, huliwa na hewa ya moto, na zaidi huliwa na mchanga. Gari linalopita mchangani hutumia gia nzito. Injini hufanya kazi kubwa huku mwendo ukiwa mdogo, na upepo unaopita katika rejeta hupungua wakati uleule unapohitajika zaidi.

Kutokana na maelezo haya inafuata kwamba mshale hauwezi kusomwa peke yake. Usomaji uleule una maana moja kwenye lami tambarare na maana nyingine mchangani. Dereva anayesoma kwa usahihi hulinganisha alama anayoiona leo na alama aliyoizoea katika gari lilelile, mahali palepale, kwa mzigo uleule. Kawaida, kwa maana hii, ni kumbukumbu.

3.0 Injini Bila Geji: Vita vya 1916 na 1917

Kuja kwa magari mengi kwa mara ya kwanza katika pwani hii kuliletwa na vita. Majeshi ya Uingereza yaliteka Kilwa na Lindi mwezi Septemba 1916, na katika mwaka uliofuata bandari hizo zikawa milango ya mashambulizi dhidi ya jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Safu zilizotoka Kilwa na Lindi zilielekea bara hadi mapigano makali ya Mahiwa ya tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe waliovuta mizigo. Masika ya 1917 yalikuwa makubwa mno, na bonde la Rufiji likafurika.

Katika kampeni hiyo Waingereza walitumia magari mepesi, yakiwemo ya Ford. Injini ya Ford Model T ya miaka hiyo haikuwa na pampu ya maji wala geji ya joto. Maji yalizunguka kwa kanuni rahisi: ya moto hupanda, ya baridi hushuka. Mfumo haukufungia shinikizo. Kwa hiyo chombo cha kupimia joto kilikuwa jicho, pua na sikio la dereva. Mvuke uliofuka kwenye mfuniko, harufu ya chuma kilichopata moto na injini kupoteza nguvu ndizo zilikuwa alama zake. Kusimama na kuongeza maji ilikuwa sehemu ya safari, haikuhesabiwa ajali.

Geji za awali zilikuwa zimeanza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1910. Mashuhuri zaidi ilikuwa Boyce MotoMeter, kipimajoto kilichofungwa juu ya mfuniko wa rejeta kikitazamana na dereva. Kilipima joto la mvuke ulio juu ya maji. Maji yakipungua sana kilisoma kwa upungufu, na usiku kilikuwa vigumu kuonekana. Kufikia miaka ya 1930 geji ilikuwa imehamia kwenye dashibodi, ikiunganishwa na injini kwa mrija mwembamba uliojazwa kimiminika chepesi kilichotanuka kwa joto na kuusukuma mshale.

Ni sharti kukumbuka kuwa pale injini iliposhindwa, uzito wake ulihamia mabegani. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa katika vita hivi kwa njaa, maradhi na uchovu. Katika pwani ya Kilwa na Lindi, basi, injini haikupokewa kama maendeleo yaliyouondoa mzigo kichwani mwa mtu. Ilikuja ikiwa chombo dhaifu ambacho kushindwa kwake kulilipiwa na miili ya watu. Historia yoyote ya joto la injini inayoanza na starehe ya gari binafsi inaruka hatua hiyo.

4.0 Karanga, Mitambo na Lawama: 1947 hadi 1951

Tukio la pili kubwa lilikuwa Mpango wa Karanga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikabiliwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 ilianza kufyeka mapori ya Tanganyika kwa mitambo ili kulima karanga. Maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, hili la mwisho likiwa katika Jimbo la Kusini. Lengo la awali lilikuwa zaidi ya eka milioni 3. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli kutoka pwani na bandari ya kina kirefu huko Mtwara. Mpango ulifutwa mwezi Januari 1951, ukiwa umeteketeza mamilioni ya pauni.

Mitambo mingi iliyopelekwa ilikuwa masalia ya vita. Baadhi ilikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Kufikia mwisho wa 1947 sehemu kubwa ya matrekta yaliyofika Kongwa ilikuwa haifanyi kazi. Vipuri vilikosekana, karakana zilikuwa duni, vumbi lilikuwa kali na ardhi ilikuwa ngumu kuliko ilivyotarajiwa. Hata hivyo, katika simulizi za kikoloni za kipindi hicho lawama iliangukia haraka kwa waendeshaji wa Kiafrika, walioelezwa kuwa hawana hisia ya mashine.

Lawama hiyo inastahili kupimwa kwa kutumia chombo chenyewe. Trekta lililotengenezwa kwa ajili ya hali ya hewa ya Ulaya au Marekani huja na geji ambayo eneo lake la kawaida limechorwa kwa kudhani mambo kadhaa: maji ni safi, rejeta haijazibwa na majani na vumbi, mkanda wa feni umekazwa, na pampu ina kipuri chake. Pale dhana hizo zote zinapoanguka, mwendeshaji anayefuata eneo lililochorwa na yule asiyelifuata watafika mahali pamoja. Mmoja atasimamisha kazi kila mara na kuitwa mvivu. Mwingine ataendelea hadi injini ife na kuitwa mzembe. Geji ilikuwa imewekwa mbele ya mwendeshaji, lakini mamlaka ya kusema joto hili ni la kawaida au si la kawaida yalikuwa ya msimamizi.

Urithi wa mpango huo kwa Kusini haukuwa karanga. Ulikuwa bandari ya Mtwara, mashamba ya Nachingwea, na kundi la watu waliojifunza udereva na ufundi kazini. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kuanzia hapo mzigo wa bara, hasa korosho, ulitegemea malori, na barabara ikawa ndiyo gereji kuu ya mafunzo.

5.0 Mchanga, Kivuko na Uhaba: Kutoka Uhuru hadi 2003

Kwa miongo minne baada ya Uhuru, safari ya Dar es Salaam kwenda Lindi iligawanywa na Mto Rufiji. Magari yalisubiri kivuko cha Ndundu. Mto ulipofurika, safari zilisimama. Kusini mwa mto, kati ya Ndundu na Somanga, zilikuwepo takriban kilomita 60 ambazo zilikuja kuwa sehemu ya mwisho ya njia hiyo kupata lami. Malori na mabasi yalikwama huko kwa siku, wakati mwingine zaidi.

Katika mazingira hayo kazi ya kulisoma joto ilikuwa ya watu wawili. Dereva alitazama mshale. Utingo alitazama kila kitu kingine: maji yanayodondoka chini ya injini, mkanda wa feni unaolia, rejeta iliyozibwa na mbegu za nyasi. Dumu la maji lilikuwa kifaa cha lazima kama jeki. Waliozoea njia walijua wapi pa kusimama ili injini ipoe bila kuzimwa, wapi pana kisima, na kisima kipi maji yake ni ya chumvi. Jambo hili la mwisho si dogo. Maji ya chumvi ya visima vya pwani huokoa safari ya leo na kuula rejeta wa mwaka kesho. Kuyatia kulikuwa uamuzi wa kiuchumi, uliofanywa na mtu anayejua gharama za pande zote mbili.

Geji zenyewe zilikuwa zimebadilika. Katika magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1960 mshale uliendeshwa kwa umeme: kihisi kwenye injini hubadilisha ukinzani wake kadiri maji yanavyopata joto, na mkondo wa umeme huupasha waya ndani ya geji na kuusogeza mshale. Mfumo huo ulileta aina mpya ya uongo. Waya ukikatika, mshale hulala upande wa baridi. Na maji yakivuja yote, kihisi hubaki hewani, kikasoma joto dogo kuliko lile la chuma. Mshale unaopanda kisha ukaanguka ghafla ulikuwa, kwa dereva mzoefu, habari mbaya kuliko mshale uliosimama kwenye nyekundu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kuna nyakati ambapo kutoweka kwa mawingu ndiko dalili.

Kipindi hiki ndicho kilichozaa zoea linalojadiliwa zaidi na mafundi hadi leo, yaani kung'oa thamostati. Hoja iliyotolewa, na inayotolewa hadi sasa, ni kwamba nchi ya joto haihitaji kifaa cha kuipasha injini moto. Kwa mtazamo wa kitabu cha mtengenezaji hilo ni kosa. Kwa mtazamo wa historia linahitaji maelezo. Thamostati iliyochakaa inaweza kukwama ikiwa imefungwa, na ikifanya hivyo injini huchemka kwa dakika chache. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita dhidi ya Idi Amin na kupanda kwa bei ya mafuta, nchi iliishiwa fedha za kigeni na vipuri vikawa adimu. Fundi wa Lindi aliyepewa lori lenye thamostati ya kutiliwa shaka, bila tumaini la kupata nyingine, alikuwa na njia mbili. Angeweza kuiacha na kuhatarisha injini yote, au kuing'oa na kukubali kwamba injini itachelewa kupata moto na itakula mafuta zaidi. Aliyeing'oa aliondoa sababu moja ya gari kufia njiani. Katika injini nzito ya dizeli iliyopanda vilima vya Mbwemkuru na mzigo wa korosho, hasara yake ilivumilika.

Hivyo kawaida ya kipindi hiki ilishuka. Mshale uliokaa chini ya nusu ulihesabiwa kuwa afya. Kadiri ulivyokuwa chini ndivyo dereva alivyotulia. Kanuni hiyo ilitokana na uzoefu wa kweli, na ilifaa magari yaliyoizaa.

6.0 Daraja, Lami na Gari Jipya

Mambo mawili yaliibadili hali hiyo. La kwanza lilikuwa biashara. Kuanzia 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa chanzo chake, na baada yake milango ya uagizaji ilizidi kufunguliwa. Magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kujaa. La pili lilikuwa daraja. Mwaka 2003 lilifunguliwa daraja la Rufiji lenye urefu wa karibu mita 970, linaloitwa Daraja la Mkapa, na katika mwongo uliofuata lami ikakamilishwa hatua kwa hatua. Safari iliyochukua siku sasa huchukua saa.

Neno gari jipya katika muktadha huu lina maana maalumu. Mara nyingi ni gari lililotembea Japani kwa miaka kumi au zaidi, lakini ni jipya nchini. Upya wake husomwa kwenye kibao: la namba D, la namba E. Mnunuzi wa Kilwa, ambaye pengine ameuza ufuta wa misimu kadhaa ili alipate, hulipokea likiwa na kitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa Kijapani, ikiwa kitabu hicho kimesalia. Maelekezo anayoyapata hutoka kwa dereva mwenzake na kwa fundi, na hao wamebeba kawaida ya kipindi kilichotangulia.

Geji ya gari hilo, hata hivyo, ni chombo cha namna nyingine ingawa sura yake inafanana na ya zamani. Watengenezaji waligundua kuwa mshale unaopanda na kushuka kila mara huwatia wateja hofu. Kwa hiyo katika magari mengi ya kisasa kompyuta huushikilia mshale katikati au chini kidogo ya katikati maadamu joto liko ndani ya upana fulani, mathalani kati ya nyuzijoto 80 na 105. Ndani ya upana huo mshale hausemi chochote. Ukianza kupanda kutoka pale, joto limekwisha kuvuka mipaka, na muda uliobaki ni mfupi. Baadhi ya magari madogo, yakiwemo matoleo kadhaa ya Toyota Vitz na Toyota Passo, hayana mshale kabisa. Yana taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi na kuzimika inapopata moto, na taa nyekundu inayowaka joto likiwa hatarini.

Hapa ndipo kawaida mbili zinapogongana. Dereva aliyelelewa na kanuni ya mshale wa chini hushtuka kuuona umesimama katikati, na fundi anayetaka kumtuliza huing'oa thamostati. Mshale hushuka kweli, na wote wawili huridhika. Lakini kompyuta ya injini husoma joto hilo dogo na kuamini kwamba injini bado haijapata moto. Huendelea kuongeza mafuta kama inavyofanya asubuhi. Matumizi ya petroli hupanda, mafuta ya kulainisha huchafuka mapema na injini huchakaa. Katika gari la taa mbili, taa ya buluu inayokawia kuzimika huchukuliwa kuwa pambo, ilhali ndiyo inayotoa habari. Vilevile, kumwaga maji maalumu ya kupoza injini, yanayoitwa kulanti, na kutia ya kisima kulikuwa hesabu inayoeleweka katika lori la chuma kizito. Katika injini ndogo yenye silinda hedi ya aluminiamu, chumvi hula njia za maji, na joto likizidi kidogo silinda hedi hupinda na gasketi yake kupasuka.

Upo pia upande wa pili wa mgongano, ambao hauzungumzwi mara nyingi. Kizazi cha madereva walioanzia kwenye lami kimejifunza kwamba mshale hausogei, na kwa hiyo kimeacha kuutazama. Utingo hayupo, dumu la maji halipo. Ilhali barabara haijaacha kuwa barabara ya Kusini. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilikata njia katika Wilaya ya Kilwa, na magari yakarudi kwenye foleni, michepuko na tope. Katika hali ya namna hiyo ujuzi wa zamani unahitajika tena: kutambua kuwa feni haijawaka, kuwasha kipasha joto cha ndani ili kipunguze joto la injini, kuzima kiyoyozi, kusimama mapema, na kutogusa mfuniko hadi rejeta ipoe.

Kwa gari jipya, basi, usomaji wa kawaida unaweza kuelezwa hivi. Mshale hupanda taratibu katika dakika za mwanzo, husimama mahali pamoja karibu na katikati na kubaki hapo, iwe kwenye lami ya Nangurukuru au kwenye foleni ya Kibiti. Alama hiyo mwenye gari huijua katika majuma ya kwanza na kuiweka akilini. Mshale usiofika hapo ni tatizo kama ulivyo mshale unaopita hapo. Na mshale unaoanguka ghafla safarini ni amri ya kusimama.

7.0 Hitimisho

Insha hii imefuata chombo kimoja kwa zaidi ya miaka 100 katika pwani moja. Imeonesha kuwa mwaka 1917 joto la injini lilisomwa kwa mvuke na harufu. Kwamba katika Mpango wa Karanga geji ilikuwepo lakini mamlaka ya kuitafsiri yalinyimwa waliokaa mbele yake. Kwamba katika miaka ya uhaba madereva, utingo na mafundi walijenga kawaida yao wenyewe iliyofaa mchanga, chumvi na ukosefu wa vipuri. Na kwamba gari jipya limeleta geji inayotuliza zaidi ya inavyoarifu.

Matokeo haya yana maana mbili kwa utafiti. Kwanza, historia ya Kusini haiwezi kukamilika kwa kuhesabu madaraja na kilomita. Utengwa ulizalisha hasara, na ulizalisha pia maarifa, na maarifa hayo yana historia inayoweza kufuatiliwa katika vitu vidogo. Pili, zoea lililopitwa na wakati halithibitishi ujinga wa aliyelianzisha. Fundi anayeing'oa thamostati ya gari la namba E anarudia jibu sahihi la swali ambalo limebadilika. Kumwambia kwamba amekosea bila kumweleza kuwa swali limebadilika ni kurudia lawama za Nachingwea.

Kwa upande wa matumizi, vyuo vya ufundi na shule za udereva za Lindi na Mtwara zina nafasi ya kuyaunganisha maarifa hayo mawili. Maelekezo ya geji za kisasa yakiandikwa kwa Kiswahili cha gereji, chenye rejeta, utingo na kuchemsha, yatamfikia mwenye gari ambaye kitabu cha Kijapani hakiwezi kumfikia. Ufa huu bado ni mdogo na unazibika. Ukiachwa, ukuta utakaojengwa ni injini mpya, na wanaoulipia ni watu waliouza ufuta.